Kila Kitu Kilikwenda Kushoto

Jumanne, 8 Julai

Filamu ya tisa leo. Nimeanza saa moja asubuhi, Mama bado amelala. Umeme upo. Nimekaa jikoni kwa sababu meza pekee isiyoyumba katika nyumba hii ni ya jikoni, na inanuka mawese hadi kwenye miguu yake.

Kazi ni ileile. Picha moja, bofya. Picha inayofuata, bofya. Chembe za kijani kwenye giza. Namfuata mmoja tangu picha ya kwanza mpaka ya mwisho, kompyuta inaunganisha nukta, inatoka njia yake. Kisha narudi mwanzo kwa mwingine. Macho yanauma.

Jana Mama aliniuliza nafuata nini humo ndani nikashindwa kumweleza bila maneno ya darasani. Najaribu hapa kwanza. Mwilini kuna walaji, vitabu vinawaita makrofaji. Kidudu kikiingia wao ni wa kwanza kufika. Hawasubiri kufundishwa, wamezaliwa wakijua. Kwenye saratani wanafika pia, wengi sana, lakini uvimbe unawalainisha. Wanageuka watumishi wake. Wanaulisha, tena wanazifungulia njia chembe za saratani zitoroke kwenda kujenga kwingine. Sisi kule maabara Dar tulichukua vipande vya uvimbe wa panya, vikiwa bado hai. Vingine tukavitia maji matupu, vingine tukavitia king'ora: kipande kidogo cha ukuta wa bakteria, bila bakteria mwenyewe. Mlaji akikionja anajua tumevamiwa. Darubini ikapiga picha kila baada ya dakika chache, siku nzima. Swali langu la shahada ni moja tu. Walaji waliomo ndani ya uvimbe wakisikia king'ora, wanatembeaje?

Sijui filamu ipi ina king'ora na ipi ina maji. Zina namba tu. Ufunguo wa namba anao Dokta Lyimo, msimamizi wangu, ili nisijidanganye.

Nataka waamke wakimbie. Nasema wazi hapa, maana kwenye ripoti hairuhusiwi kutaka.

Alhamisi, 10 Julai

Hospitali ya Mwanza wamepiga simu. Mama afike Jumanne tarehe 22, atakatwa wiki hiyohiyo. Titi la kulia. Daktari wa hapa Kigoma aliniambia nje ya mlango, Mama asisikie, kwamba uvimbe huu si wa kukawizwa.

Nikamwambia Mama tarehe. Akaendelea kuchambua chikichi, akazimaliza zote, ndipo akasema: "Siendi mpaka nimwone Iddi."

Iddi ni mdogo wangu. Yuko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, anatengeneza injini za boti. Mwaka wa pili huu hajavuka.

Sababu ni mimi. Baba alipougua, mimi nilikuwa Dar na darubini yangu. Iddi ndiye aliyekuwa hapa Kasingirima. Alimpeleka Baba kwa mganga, wakakaa huko mwezi mzima, waliporudi hospitali walisema mmechelewa. Nilikuja kuzika. Kwenye matanga, mbele ya majirani, shangazi na watu wa msikitini, nikamwambia: "Wewe ndiye uliyemzika." Arobaini hakuisubiri.

Sikuwahi kumwuguza Baba hata usiku mmoja. Aliyemwogesha ni Iddi. Hilo nalo niliandike, maana sijawahi kulisema.

Jumamosi, 12 Julai

Filamu ya kumi na mbili na ya kumi na tatu. Wanatembea! Kumi na mbili wamelala kama kawaida, wanazungukazunguka palepale. Kumi na tatu wanakwenda. Wote. Njia ndefu zilizonyooka. Nilisimama nikatembea jikoni. Mama akauliza kuna nini, nikamwambia wale walaji wangu wameamka.

"Sungusungu wako," akasema. Ndivyo anavyowaita tangu nilipomweleza. Jina limekaa vizuri kuliko la kwangu.

Nimemwandikia Iddi ujumbe kwa simu ya Mama. Sikuweka jina langu. Nimeandika: Mama anakatwa Mwanza, njoo. Woga mtupu.

Jumatatu, 14 Julai

Iddi amejibu kwa sauti. "Niko njiani, Mama."

Niko njiani. Mtanzania akisema hivyo anaweza kuwa bado anatafuta viatu. Lakini Mama ameusikiliza mara saba. Nimehesabu. Kisha akatoka kwenda kununua kitenge kipya, yeye ambaye kwa wiki tatu hajatoka nje ya ua.

Nimemkumbuka Iddi leo. Alivyokuwa anakula kichwa cha samaki mgebuka kwanza. Alivyokuwa ananiamkia kwa kuchelewesha, "Shikamooo dada," kwa dharau, huku amekwishanipita. Tumeachana miaka saba mimi na yeye, nilimbeba mgongoni. Sauti yake kwenye simu imekuwa nzito, ina lafudhi ya Kongo ndani. Sikuwepo ilipokuwa inabadilika.

Jumatano, 16 Julai

Filamu nne. Mbili wamelala, mbili wanakimbia. Dokta Lyimo anataka njia zote kabla ya mwisho wa mwezi, ataziwasilisha kwenye mkutano. Amesema zikiwa nzuri kuna nafasi ya mimi kuendelea mpaka uzamivu. Nimemwambia zitakuwa nzuri.

Mama ameanza kulalia ubavu mmoja.

Anataka nini kwa Iddi, nilimwuliza. Nilidhani atasema anataka kumshika mkono. Akasema: "Nikifia kule mezani, nani atawapatanisha?" Akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza nani atafunga mlango. Nilikwenda uani nikalia.

Ijumaa, 18 Julai

Ujumbe wa sauti kutoka kwa Iddi, saa nne asubuhi. Hasikiki vizuri. "Mama, mimi nakuja," halafu injini. Injini kubwa, inanguruma mpaka mwisho wa ujumbe.

Yuko majini!

Nimemkimbilia Mama na simu. Nimemwambia: "Ameshapanda boti. Sikiliza injini hiyo." Mama akasikiliza, akaziba uso kwa kitenge. Akasema, "Ego." Ndiyo ya Kiha, ile anayoitoa akifurahi tu. Kisha akasema basi tiketi za Jumatatu tuzirudishe, tumsubiri, tutaondoka watatu. Nikakubali. Nikapiga simu Mwanza, nesi akaguna, akasema tarehe 29, lakini isivuke hapo.

Wiki moja. Si kitu wiki moja.

Wanatembea, wote wanatembea. Siku nzuri.

Jumapili, 20 Julai

Niko bandari ya Kibirizi tangu asubuhi. Mama amebaki nyumbani anapika: migebuka, mawese, ugali wa muhogo. Mchanga wote umetandazwa dagaa, huna pa kukanyaga. Wapagazi wanapiga kelele. Nimeuliza boti ya Kalemie kila baada ya nusu saa mpaka wamenizoea. Mpagazi mmoja akasema, "Dada, ziwa halina ratiba. Kaa kwenye ile boti kuna kivuli."

Nikapanda boti iliyofungwa ufukoni, tupu, ikingoja mzigo. Nikakaa chini ya turubai. Nilikuwa nimechoka. Nikaangalia pwani na ghafla nikaona Kibirizi yote inaondoka: dagaa, watu, mlima wenyewe, vyote vinakwenda kushoto taratibu. Nikaruka nikapiga kelele wanaondoka na mimi! Wapagazi wakacheka mpaka wakatua magunia. Boti ilikuwa imefungwa kamba. Ilikuwa inajigeuza tu kwa upepo.

Boti ya Kalemie haikuja. Chakula tulikila wawili. Kichwa cha mgebuka Mama alikifunika na sahani.

Jumatatu, 21 Julai

Imekuja. Saa nane mchana. Nilisimama majini hadi magotini na sketi imelowa. Waliteremka watu, mafurushi, mbuzi. Nikahesabu nyuso. Nikasubiri aliye wa mwisho, halafu nikasubiri tena baada ya wa mwisho.

Nikamwuliza nahodha kama anamjua Iddi fundi.

"Iddi wa injini? Namjua sana. Nimemwacha gereji juzi, ndiye aliyenifungia pampu hii."

Ijumaa alikuwa wapi, nikauliza. Akasema kulekule gereji, siku nzima, wanaijaribu mashine ya tajiri mmoja, ilinguruma tangu asubuhi watu hawasikilizani.

Injini. Ndugu yangu ni fundi wa injini. Injini inalia masikioni mwake kila siku ya Mungu. Mimi, dada yake, niliyekua naye akifungua kila kitu chenye skrubu ndani ya nyumba, nikasikia injini nikasema yuko majini.

Hakunidanganya. Alisema nakuja. Boti niliiongeza mimi.

Nimefika nyumbani Mama amekaa kizingitini na kitenge kipya. Nikasema boti imeharibika Kalemie. Sijui kwa nini. Mdomo ulijisemea. Akasema pole sana, na wewe umelowa, vua.

Jumanne, 22 Julai

Leo ndiyo siku aliyotakiwa awe Mwanza. Yuko hapa anapepeta mchele. Mkono wa kulia hauinuki kama juzi. Nimeuona. Ameona kwamba nimeuona, akahamishia ungo mkono wa kushoto.

Sijafungua kompyuta.

Jumatano, 23 Julai

Nimemaliza filamu ya mwisho asubuhi. Nikampelekea Dokta njia zote. Baada ya saa moja akanitumia ufunguo wa namba. Waliokimbia ni wa king'ora. Wote! Walioketi ni wa maji. Hakuna hata filamu moja iliyokosea.

Nilipaswa kufurahi. Nikaweka njia zote za king'ora kwenye picha moja nizione kwa pamoja. Mistari mirefu, mizuri. Yote inakwenda kushoto.

Yote.

Mlaji hana kushoto. Anafuata harufu, na harufu iko kila upande. Nikakaa nikaitazama picha hiyo, na mwilini nikahisi ile boti ya Kibirizi inajigeuza chini ya makalio yangu.

Nikarudi kwenye filamu ya kumi na tatu. Safari hii sikutazama wale wa kijani. Nilitafuta kitu kisicho na uhai. Pembeni kulikuwa na punje ya plastiki, takataka tu, haina miguu, haina hamu na chochote. Nikaifuata picha kwa picha. Nayo ilikuwa inakwenda kushoto.

Hawakutembea. Sahani yenye vipande vya uvimbe ndiyo iliyokuwa inateleza chini ya darubini.

Na najua kwa nini. Vipande vya king'ora tulivipiga picha siku ya mwisho. Ndiyo siku aliyonipigia shangazi kusema Mama ana uvimbe. Kuna skrubu mbili za kubana sahani. Nakumbuka nimekaza moja. Ya pili siikumbuki kabisa. Nakumbuka natafuta mkoba.

Wiki tatu nimebofya takataka inayoteleza nikaiita mwamko. Nilitaka mno kuona kitu kinakuja.

Alhamisi, 24 Julai

Nimefanya marekebisho tangu alfajiri. Ni hesabu rahisi, ya aibu. Unachagua kitu kisichotembea. Unapima kimesogea kiasi gani katika kila picha. Unakitoa hicho kwa kila mlaji. Kinachobaki ndiyo safari yake ya kweli.

Kilichobaki: wa maji wanazurura huku na huku. Wa king'ora wamesimama. Si wamepungua mwendo kidogo, wamesimama. Kinyume kabisa na nilichotaka.

Nikampigia Dokta kabla sijapata muda wa kuogopa. Nikamwambia skrubu, punje, kila kitu. Akasema: "Zaituni, afadhali nimeyasikia kwako kuliko ningeulizwa jukwaani." Mkutanoni hataenda nayo. Habari ya uzamivu hakuigusa, nami sikuigusa.

Baada ya hapo ikawa rahisi, au niseme ilikuwa haiwezekani tena kuendelea na ule uongo mwingine. Nikamfuata Mama jikoni. Nikasema Iddi hakupanda boti. Hakuna boti iliyoharibika. Nilisikia injini nikajitungia.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha.

"Boti ya Kalemie haiharibiki siku nne," akasema. "Wangevuka kwa nyingine. Mimi nimeolewa Ujiji, kwa watu wa boti, si jana."

Alijua tangu Jumatatu! Nikamwuliza mbona ulinyamaza. Akasema alikuwa anangoja kuona nitachoka lini.

Nikakaa sakafuni. Nikamweleza na ya walaji pia, maana nilikuwa nimeshaanza kumwaga. Kwamba nilidhani wamekimbia, kumbe sahani. Kwamba wakisikia king'ora wanasimama tu kama wamepigwa ganzi, na kazi yangu ya miaka miwili haina maana.

Akaacha kumenya. Hilo ndilo lililomsimamisha.

"Nani kakwambia sungusungu wanakimbia?"

Akanieleza Kidahwe alikozaliwa. Yowe likipigwa usiku kwamba mbuzi wameibwa, vijana walikuwa wanakimbilia lilikotoka yowe. Wanafika wakihema, mwizi ameshaondoka kitambo. Baba yake alikuwa hakimbii. Alichukua mkuki akaenda njia panda iliyo karibu na nyumba yake, akasimama hapo. Kila mzee alikuwa na njia panda yake, inajulikana, hagawiwi mwingine. Hakuna aliyeondoka mpaka kulipopambazuka.

"Sasa mwizi na mbuzi wetu atapita wapi?" akasema Mama. "Mwana wanje," akaniita mwanangu kwa Kiha, "anayekimbia anakimbia kwa ajili yake. Hebu waangalie vizuri hao wako. Wamelala au wamesimama?"

Nikaenda kuangalia. Ni kweli hawajalala. Yule wa maji ni mwembamba, amenyooka kama mtu wa safari. Wa king'ora amejitandaza. Amekuwa mpana, amejishikiza chini, na vidole vyake vinatoka na kurudi, vinatoka na kurudi, pande zote. Nilikuwa nikibofya katikati yao tu, sikuwahi kutazama vidole.

Swali sasa ni jingine. Palipo na mlaji aliyesimama, je, chembe za saratani zinapita? Tulizipaka rangi nyekundu, ziko kwenye filamu zilezile, hakuna aliyezifuata. Inawezekana zinapita kama kawaida na hadithi ya babu isiwe na chochote ndani yake. Sitaki kutaka tena. Nitapima.

Ijumaa, 25 Julai

Nimemtumia Iddi ujumbe wa sauti. Kwa simu yangu, kwa jina langu. Nimeurekodi mara tano. Wa kwanza nilikuwa najitetea. Wa pili nililia, haufai. Wa tatu kuku walipiga kelele. Wa nne nilimlaumu tena katikati, ajabu ya ulimi. Wa tano ndio uliokwenda:

"Iddi, ni Zaituni. Wewe ulimwogesha Baba, mimi sikuwepo. Neno lile nililisema kwa sababu sikuwepo. Nisamehe. Mama tunaondoka naye Jumatatu asubuhi. Hatutakusubiri. Lakini mlango uko palepale."

Tiki mbili. Haijawa bluu.

Mama amesema tunaondoka Jumatatu. Hakulitangaza. Alisema tu nimtafutie ule mkoba wa Baba wenye zipu nzima.

Jumamosi, 26 Julai

Bado si bluu.

Nimefuata nyekundu ishirini. Nimeficha rangi ya kijani kabisa ili nisijue nani amesimama wapi. Na kabla ya kila filamu naanza na punje. Imekuwa kama kunawa mikono.

Nimeangalia simu mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri hata humu.

Jumapili, 27 Julai

Bluu. Saa tano asubuhi. Akaandika kwa muda, nikaona anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha.

Hakuna kilichokuja.

Nimefunga mizigo. Kanga nne, kitenge kipya, faili la hospitali, chupa ya mawese, kwa kuwa Mama haamini kwamba Mwanza wana mafuta ya kuliwa. Majirani wamekuja kumuaga, wamekaa uani mpaka adhuhuri wakimtania kwamba atarudi na mchumba Msukuma. Amecheka. Walipoondoka akaingia chumbani, akakaa juu ya kitanda cha Iddi, mikono mapajani. Sikuingia. Nilimwona mlangoni, nikapita.

Namtaka Iddi. Si kwa ajili ya Mama tu. Nataka mtu mwingine duniani aliyewahi kumwita huyu mwanamke Mama. Naogopa kuwa peke yangu nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Ndiyo hivyo.

Mama ameosha sahani ya kufunikia samaki, akairudisha rafu ya juu.

Jumatatu, 28 Julai

Ndani ya basi. Mwandiko ni mbaya kwa sababu ya mtikisiko.

Tumeondoka Kigoma saa kumi na mbili asubuhi. Mama kapata dirisha. Kajifunika kitenge kipya, anachungulia kila kitu kana kwamba hajawahi kupanda basi. Ziwa lilionekana kidogo nyuma yetu, kisha mlima ukaliziba. Hakugeuka. Mimi niligeuka.

Kidahwe tumesimama kupakia abiria. Mama akanigonga goti. "Pale." Njia panda yenyewe. Barabara ya vumbi inaingia kushoto, nyingine inashuka kulia kwenye migomba. Kwenye pembe kuna duka la vocha, limepakwa rangi ya kampuni ya simu, na mama mmoja anauza karanga za kuchemsha. Nikaitazama kwa muda mrefu. Hakuna cha kuona. Lakini mtu akisimama hapo, huwezi kumpita bila kumsalimia.

Simu yangu ikaita. Yangu, si ya Mama.

"Shikamoo dada."

Hakuivuta. Aliitamka yote.

"Marahaba," nikasema. Nikarudia kwa jina lake. "Marahaba, Iddi."

Nyuma yake injini ilikuwa inalia. Niliisikia. Sikuifanya kuwa kitu chochote.

Nikampa Mama simu. Iddi akasema maneno mengi, marefu, siyajui. Mama alisikiliza akitazama nje. Miaka miwili kila alipoongea naye, neno la kwanza lilikuwa moja: uko wapi. Nilikuwa nalingoja.

Hakuuliza.

"Mwanangu," akasema, "sisi tuko Kidahwe. Basi linakwenda Mwanza. Kesho naingia hospitali, nitakuwa humo wiki mbili. Zaituni yuko na mimi."

Akasikiliza kidogo. "Ego," akasema.

Akanirudishia simu. Dereva alikuwa ameshawasha basi. Akaniambia nimwite yule mama wa karanga, haraka, kabla hatujaondoka.